Robhi Nyamhanga na Kitabu Nilichonakili

Siku mliponiaga nikistaafu mlinipa saa ya ukutani, mbuzi mmoja na hotuba nne. Mbuzi tumemla. Saa nimeitundika sebuleni, inagonga kila inapotimia saa nzima, kumkumbusha mtu asiye na pa kwenda kwamba muda unakwenda. Katika zile hotuba mlisifu sana usahihi wangu, na mmoja wenu, nadhani ni yule binti wa kompyuta, akaomba niandike kumbukumbu za masjala ili wanaokuja wajifunze. Nimeandika. Sijui kama mtakipenda mlichoomba.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vimo kwenye jalada langu, na jalada mnalo nyinyi.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwembamba mwenye suruali moja ya heshima. Kwetu ni pembezoni mwa Turwa, hapa Tarime, siku hizo pakiwa mashamba ya mihogo na mtama, si nyumba zilizobanana kama leo. Alinilea mama yangu mkubwa, Bhoke. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alipofariki alifanya wanachofanya wanawake wa Kikurya wa hali yake: alitoa ng'ombe akaoa mke, ili wazaliwe watoto wa kuiendeleza nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Wageni wakisikia hucheka au hukunja uso, maana mawazo yao hukimbilia chumbani, na chumbani hakuna kitu. Mke aliyeolewa ana mwanamume wake wa kuzaa naye, lakini watoto ni wa nyumba ya yule mwanamke aliyeoa. Wanabeba jina la marehemu mume wake na wanarithi ardhi yake. Kwetu jambo hilo lilikuwa la kawaida kama kuwa na ghala. Mke wa Bhoke aliitwa Mugesi, na ndiye aliyenipikia uji asubuhi ya siku yangu ya kwanza kazini.

Masjala ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, makabati ya chuma na harufu ya karatasi zilizonyeshewa. Mkubwa wa mle ndani alikuwa Mzee Ryoba, karani mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakunipa kalamu. Alinipa sindano, akaniambia nishone upya majalada yaliyoachana, na kwa wiki tatu sikuandika hata neno moja. Alinifundisha kutia majani ya mwarobaini kwenye gundi ya muhogo ili mende wasiile. Alinikataza kulamba kidole ninapofunua kurasa, kwa sababu vitabu vya zamani vilipuliziwa dawa ya wadudu, na alikuwa na hadithi ya karani aliyelazwa kwa tabia hiyo. Siku aliponipa kalamu alisema maneno ambayo nilipaswa kuyachanja kifuani.

"Werema, karani hasahihishi. Karani ananakili. Ukiona kosa, linakili na kosa lake."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kitu alichokipenda kuliko vyote mle ndani ni vitabu vya ndoa za kimila. Alikuwa ameviandika mwenyewe ujanani, akizunguka kwa baiskeli kutoka boma hadi boma, akikaa kwenye kigoda ng'ombe wakikabidhiwa. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne: mwoaji, mwolewa, mifugo, mashahidi. Wino wake ulikuwa wa zambarau. Na hapa na pale, kwenye safu ya mwoaji, kulikuwa na jina la mwanamke, limeandikwa kwa mwandiko uleule uliotulia, bila maelezo, kwa kuwa Mzee Ryoba hakuona cha kueleza.

Alistaafu nikiwa na miaka miwili kazini. Alikuja mkuu mpya, mtu wa mkoa wa mbali, msafi, mchapakazi, na sitaki mumwone mbaya kwa sababu hakuwa mbaya. Mchwa walikuwa wameingia kwenye vitabu vya ndoa. Akaagiza vinakiliwe vyote kwenye vitabu vipya, vya zamani viteketezwe. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa.

Siku ya pili ya kunakili alisimama nyuma yangu.

"Hapa kwa mwoaji umeandika Bhoke Nchagwa," alisema. "Bhoke si jina la kike?"

"La kike, bwana."

"Sasa mwanamke anaoaje?" Akacheka kidogo. "Au kwenu huku kuna mambo hayo?"

Bhoke Nchagwa alikuwa mama yangu mkubwa. Uji wa nyumbani kwake ulikuwa bado tumboni mwangu. Ningeweza kumweleza mkuu yule kwa dakika tano, na nina hakika angesikiliza, angeshangaa, kisha angeniambia niendelee. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimevaa tai, na yeye alikuwa anacheka.

"Hapana, bwana," nilisema. "Ni makosa ya karani."

"Basi sahihisha."

Nikafungua ukurasa safi, nikaandika Wambura Nchagwa, jina la mwanamume. Ndivyo nilivyomfuta aliyenilea. Jioni nilikula ugali wake kama kawaida, na hakujua mpaka anakufa.

Baada ya hapo sikuhitaji kuambiwa. Kila nilipokuta mwoaji wa kike nilibakiza jina la baba, nikabadilisha la kwanza: Mwita, Chacha, Marwa, kwa zamu. Zilipoisha zamu nilichukua majina ya mlinzi wa geti na ya vijana niliosoma nao. Nitasema ukweli wote: ilifika mahali nikawa naifurahia kazi ile, kama mtu anayenyoosha mistari. Chini ya kila ukurasa niliandika "Nathibitisha kuwa nakala hii ni sawa na asili", nikatia saini, nikapiga mhuri. Vile vya zamani nilivibeba mwenyewe kwenye toroli hadi nyuma ya ofisi. Vilikuwa na unyevu, vikatoa moshi mwingi kuliko moto, na iliniwia kazi kuvimaliza. Nilivimaliza.

Miaka iliyofuata mnaijua, au mnaweza kuisoma kwenye majalada. Watu walikuja kwa wingi kufuata dhahabu, kutoka Shinyanga, Geita, Singida, kila mmoja akitaka barua ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Wengi hawakuwa na karatasi hata moja, nami nikawa mkali kwao. Niliwahi kumrudisha mchimbaji mmoja mara tatu kwa ajili ya herufi moja ya jina la babu yake. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Aliniita mtu wa haki. Kisha zikaja kompyuta, na vitabu vyangu vikapigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Nilisimama pale nikitazama taa ya mashine ikipita juu ya mwandiko wangu, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshakuwa bingwa wa kunyamaza.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Ghati.

Alikuwa mama wa makamo, mnyoofu, amevaa kitenge cha siku ya kanisa na viatu vya mtu aliyetoka mbali. "Shikamoo," alisema. Nikaitikia, nikamkaribisha kiti. Alitoka Morotonga, upande wa Mugumu, na aliweka mezani mfuko wa rambo aliokuwa ameukunja mara nyingi. Ndani mlikuwa na kumbukumbu zote za ukoo wake, akazipanga mbele yangu kama mtu anayeanika dagaa, moja moja, zisigusane.

Akanieleza shida yake. Bibi yake, ndivyo kwetu mtoto anavyomwita mwanamke aliyemwoa mama yake, aliitwa Robhi Nyamhanga. Mume wa Robhi, Chacha, alifariki bila mtoto huku Tarime. Robhi akaoa mke aitwaye Wankuru, kisha akavuka Mto Mara na ng'ombe wake na mke wake kutafuta ardhi, kipindi ambacho kule Morotonga kulikuwa pori la mbung'o na fisi. Alikuwa mtu wa kwanza kufyeka pale. Wankuru ndiye aliyemzaa Ghati. Sasa Robhi amekufa, Wankuru yuko kitandani hajiwezi, na watoto wa mdogo wa marehemu Chacha, wakiongozwa na mtu anayeitwa Magige, walikuwa wamefungua shauri kwenye baraza la ardhi. Walidai kwamba Robhi, mjane wa baba yao mkubwa, hakuwahi kuoa, alikufa bila mtoto, na ardhi ni yao. Ghati na wanawe wahame.

"Karani, mimi sitaki kitu kingine," alisema. "Nataka karatasi inayosema Robhi alimwoa mama yangu. Wazee waliokula ile sherehe wamekwisha wote. Nimebakiza wewe."

Tulizipitia zake kwanza. Kadi ya josho iliyofubaa, mwenye ng'ombe: Robhi Nyamhanga, Morotonga. Kadi ya kliniki, yenye jina la Wankuru peke yake. Cheti cha ubatizo cha Ghati, ambacho mahali pa baba katekista alikuwa ameandika "Chacha, marehemu". Magige aliwahi kukisoma cheti hicho mbele ya watu akauliza kama marehemu huwa wanazaa, na watu wakacheka, ingawa kila aliyecheka ana shangazi wa namna hiyo. Jina la Ghati Chacha nalo halikumsaidia. Mkoa wa Mara ukiita Chacha sokoni, nusu ya soko inageuka.

Kisha nikaenda kabatini. Nilikuwa nimeshajua. Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa. Nilifungua kitabu, nikashuka kwa kidole, na kwenye safu ya mwolewa nikamkuta Wankuru. Kwenye safu ya mwoaji palikuwa na mwandiko wangu mzuri wa ujana: Mwita Nyamhanga.

Ghati alikuwa amesimama pembeni yangu, akisoma polepole.

"Mwita ni nani?"

Vijana wangu, nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Nilikuwa na wajukuu.

"Labda," nilisema, "ni makosa ya karani."

Akauliza kama karani huyo yuko hai. Nikasema nitafuatilia. Akanishukuru kwa mikono miwili, akakunja karatasi zake, akaondoka kuwahi gari la Mugumu.

Hebu tazameni nilichokuwa nimefanya. Kwa kitabu kile, Wankuru aliolewa na mwanamume, mtoto wa Nyamhanga, yaani kaka yake Robhi. Basi Ghati si wa nyumba ya Robhi hata kidogo, ni mtoto wa ukoo mwingine aliyejipachika. Magige alipopata nakala yake kihalali, kwa ombi na ada, alipeleka maneno Morotonga: nyie ni watoto wa Mwita Nyamhanga, nendeni kwa Mwita Nyamhanga akawape ardhi. Na Nyamhanga hakuwahi kuzaa mtoto wa kiume aitwaye Mwita. Binadamu huyo hakuwahi kupumua.

Nilijaribu kuokoa jambo bila kujitaja. Nilikumbuka kwamba Mzee Ryoba alikuwa na tabia ya kuandika kwanza kwenye madaftari ya shule, kisha ndiyo anahamishia kitabuni. Yeye alikuwa ameshafariki, lakini binti yake, Wegesa, ana duka la vitenge Sirari, jirani na wanaobadilisha hela. Nikaenda. Alinikumbuka, akaniagizia soda.

"Hizo daftari za babangu? Ai, mzee, hizo ziliisha kitambo," alisema. "Mamangu alikuwa anauza njugu hapa border. Alizitumia kufungia."

"Zote?"

"Zote kabisa. Karatasi ilikuwa nzuri, ilikuwa inafunga poa."

Nilikaa nikatazama malori yakisubiri kuvuka kwenda Isebania, upande wa Kenya. Mahali fulani kuna watu walikula njugu zilizofungwa ndani ya jina la Robhi. Soda ilinishinda kumaliza.

Nilistaafu, mkanipa saa. Sitawadanganya: nilisubiri nistaafu kwanza. Niliogopa kuondoka kwa aibu baada ya miaka yote ile ya kusifiwa. Wiki mbili baada ya sherehe yenu nilikwenda Morotonga.

Ghati alinizungusha shamba lote. Alinionyesha mstari wa minyaa aliopanda Robhi, mirefu sasa kuliko nyumba, na mawe ya zizi lake la kwanza. Alinionyesha jiwe la kusagia ambalo Robhi alitoka nalo Tarime, akavuka nalo mto kichwani, kwa sababu hakuamini kwamba huko aendako Mungu aliweka mawe. Ghati alicheka aliposimulia hilo. Mwisho alinionyesha kaburi. Halikuwa na jina, lilikuwa na mawe tu na mshubiri mkubwa. Hapo ndipo nilipomwambia.

Hakupiga kelele. Aliniuliza mara mbili, kama hakunisikia, kisha akakaa chini pembeni ya kaburi.

"Kwa hiyo huyo Mwita ni wewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mama yangu alikuwa mgonjwa, Magige akaja kitandani kumuuliza Mwita ni nani. Mama akasema hamjui. Wakasema anaficha. Amekufa akiulizwa habari za mtu huyo, tata." Kisha, akiwa bado ananiita tata, yaani baba, akaniuliza kama nitayasema haya mbele ya baraza. Nikasema nitayasema.

Nikayasema. Nilisimama kwenye ukumbi wa baraza mchana kweupe, nikala kiapo, nikaeleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mpole, mwenyeji, mwenye sauti ya mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa kile kitabu changu, kilicholetwa kutoka masjala.

"Mzee Werema, nyumba ntobhu sote tunaijua. Hatubishani na mila. Tunachouliza ni kama Robhi alioa. Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Nisomee maneno ya chini ya ukurasa."

Nikasoma. Nathibitisha kuwa nakala hii ni sawa na asili.

"Asili iko wapi?"

"Niliichoma, mheshimiwa."

Akavua miwani. "Sasa baba, unataka tuamini lipi? Ulipokuwa na kazi na mhuri uliandika hivi. Leo huna kazi wala mhuri, umekuja na mama huyu, unasema ulidanganya. Mtu akikiri kwamba ni mwongo, baraza linampimaje?"

Ningekuwa kwenye kiti chake ningeuliza hivyohivyo. Mimi ndiye niliyemrudisha mchimbaji mara tatu kwa herufi moja.

Magige alishinda. Ghati alipewa muda wa kuvuna tu. Mwanasheria mmoja wa Mugumu alimwambia anaweza kukata rufaa, kisha akauliza ana karatasi gani mpya. Hana. Nilikwenda siku ya kuhama, kwa kuwa niliona kutokwenda kungekuwa woga mwingine. Wanawe walikuwa wanapakia mahindi kwenye trekta. Ghati mwenyewe alikuwa anahangaika na lile jiwe la kusagia, akakataa msaada wangu.

"Sikulaumu sana, tata," alisema bila kuniangalia. "Nakulaumu kiasi chake." Akaliinua jiwe, akalipakia, akarudi kuchukua kuku.

Kaburi limebaki. Nasikia Magige ameliacha, hajalilima, ila ng'ombe wanapita.

Mliomba mafunzo kwa ajili ya wanaokuja, na mimi nina kazi moja tu ya kuwaachia. Nimenunua kaunta buku, nimechora zile safu nne, na kila siku asubuhi nakaa nalo mezani nikijaribu kukumbuka majina niliyoyatoa. Yalikuwa mengi, pengine thelathini, pengine zaidi. Nimekumbuka manne. Robhi Nyamhanga, aliyemwoa Wankuru. Bhoke Nchagwa, aliyemwoa Mugesi. Nyangi Mahende, aliyemwoa mtu wa Sirari ambaye jina lake limenitoka. Weisiko, na baba yake simkumbuki. Mengine nimefunga macho, nimekaa na njaa, nimejaribu hata kununua wino wa zambarau. Hayaji.

Kwa hiyo nilimwomba mchungaji wetu atangaze kanisani: mwenye bibi aliyeoa mke, bibi aliyefungua ardhi, aje kwangu Turwa aniambie jina lake niliandike. Wamekuja watu wawili. Wote wawili walikuwa wameshapita kwenu kwanza, wakachukua nakala. Wa kwanza aliniambia mchungaji amechanganya mambo, kwao hakuna bibi aliyeoa, na akanionyesha ukurasa. Wa pili ni mwalimu mstaafu, mtu wa heshima, anaandika historia ya ukoo wake. Alikaa hapa chini ya saa yenu tangu saa nne mpaka saa sita, akinisimulia jinsi babu yake, Juma Gesabo, alivyofyeka pori kwa panga peke yake na kuua fisi wawili siku moja. Wajukuu wameshachonga jina lake kwenye saruji. Alipomaliza akaniuliza kama katika miaka yangu ya kazi niliwahi kusikia habari za mzee huyo.

Juma lilikuwa jina la mlinzi wetu wa geti. Babu yule nilimtunga mimi, Alhamisi moja, kabla ya chai.